Boti za tanga zenye mikuku miwili: zinafaa mwambao wetu au ni za matope ya Uingereza tu?

Bamvua26 | #1

Wakuu, heshima kwenu. Ukipitia matangazo ya boti ndogo za tanga zilizotumika kutoka Uingereza, hasa za miaka ya 70, utakuta nyingi zina mikuku miwili badala ya mmoja (mkuku ni ule uti unaoshuka chini ya tumbo la boti). Muuzaji anakwambia "inasimama yenyewe maji yakipwa" na maelezo yanaishia hapo.

Wanaozijua watueleze kwa vipimo: inasimama wapi na wapi haisimami, inapoteza nini ikibisha (ikienda kuelekea upepo), na kinachoharibika kwanza ni nini. Mfano uwe Westerly Centaur, maana ndiyo iliyoenea: futi 26, imeundwa kuanzia 1969 hadi 1980, zaidi ya 2,400. Matumizi ni kati ya Tanga, Pemba na Mafia, pamoja na kuingia hori za mikoko.

Joshini | #2

Mkuu, tutenganishe kwanza maana watu huchanganya. Meli kubwa zina mabamba membamba pembeni ya tumbo ya kupunguza mrama. Hayo siyo haya. Halafu kuna boti zenye mkuku mzito wa kati na mabamba mawili ya pembeni ya kuegemea tu. Hizo nazo weka kando, kwenye kubisha ni dhaifu. Mikuku pacha halisi haina kitu katikati: farumi yote (uzito wa chini wa kuisimamisha boti) imegawanywa kwenye mikuku miwili, na kila mmoja umechongwa kama bawa. Lord Riverdale alianza kuijaribu huko Uingereza miaka ya 1920, na Centaur ni ya ukoo huo.

Centaur ina urefu wa mita 7.9 na upana wa mita 2.57. Uzito ni karibu kilo 3,000, na kati ya hizo takribani 1,270 ni chuma cha mikuku. Inazama mita 0.91. Boti ya ukubwa huo yenye mkuku mmoja wa pezi, unaoshuka wima katikati, huzama mita 1.3 hadi 1.5.

Kwa muundo huu mikuku haishuki wima. Imetanuka kwenda nje kama miguu ya abiria aliyesimama kwenye daladala, na mara nyingi ncha zake za mbele zimeelekezwa ndani kwa nyuzi 1 au 2. Boti ikilala kwa upepo, mkuku wa demani (upande upepo unakoelekea) unakaribia kusimama wima na ndio unaobeba kazi ya kuzuia boti isisukumwe pembeni. Ule wa joshi (upande upepo unakotoka) unakata maji bila kukinza sana. Kwenye karatasi ni hesabu nzuri. Baharini kuna kodi yake.

Bamvua26 | #3

Shukrani. Swali la haraka: boti ikilala upande si inapunguza kina? Kwenye kipwa ukikwama, watu wote wanahamia ubavu mmoja na chombo kinatoka.

Joshini | #4

Hapo ndipo wengi wanapokwama mara mbili. Hiyo ni ya mkuku mmoja. Ya mikuku miwili ikilala inazama ZAIDI, maana unaushusha mkuku wa demani.

Hesabu: chukua unyayo wa mkuku ulio sentimita 75 kutoka mstari wa kati, kina sentimita 91. Boti ikilala nyuzi 15, unyayo wa demani unafika karibu sentimita 107. Umeongeza sentimita 16 bila kujua, na kipima kina kilichofungwa katikati ya tumbo hakitakwambia.

Lakini hiyo hiyo ndiyo dawa. Ukigusa ukiwa umelala, achia shiti (kamba ya kuvutia tanga) au tua tanga mara moja. Boti inasimama, unyayo unapanda zile sentimita 16, na mara nyingi umeshaelea. Ukigusa ukiwa wima hapo hakuna ujanja wa kulaza. Rudi nyuma kwa njia uliyoingilia, au peleka nanga ya pili kwa kihori upande wa tezi (nyuma) na uvute. Watu wakae katikati, wasikimbilie ubavuni.

MajiMafu | #5

Naongezea upande wa kupwelewa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo faida kubwa ya boti hizi.

Chagua mahali maji yakiwa yamepwa, kwa miguu yako, siku ya kabla. Tope laini si ubaya, ubaya ni lisilolingana: unyayo mmoja kwenye tope na mwingine kwenye mchanga mgumu. Mmoja utazama, mwingine utabaki juu, na boti italala kwa usiku mzima. Piga hatua eneo lote ambalo boti inaweza kuyumbia, si pale tu unapodhani itakaa, na choma ufito kila nusu mita. Ukigonga jiwe, liondoe au hama. Mteremko mdogo unavumilika ukiuelekea kwa omo (mbele) au tezi, si kwa ubavu.

Funga nanga mbili, omo na tezi, ili boti ishuke palepale ulipopapima. Na nanga ya omo iwe mbali. Boti kukalia nanga yake yenyewe ni kosa la kijinga, na linatokea kila siku.

Saa ya kugusa ndiyo muhimu kuliko yote. Bamvua (siku za maji makubwa) Unguja, tofauti ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Kwa kanuni ya sehemu kumi na mbili (maji hushuka sehemu 1, 2, 3, 3, 2, 1 kwa saa sita), saa ya kwanza ya kupwa maji yanashuka sentimita 33 hivi, ya pili 67, ya tatu na ya nne 100 kila moja, kisha 67, kisha 33. Sasa weka viwimbi vya sentimita 20. Ukigusa katika saa ya kwanza, boti itadunda chini kwa dakika 36 kabla ya kutulia. Ukigusa saa ya tatu, ni dakika 12 tu. Kudunda ndiko kunakoua mashina ya mikuku, kukaa kimya hakuna neno.

Kwa Centaur, basi, tafuta mahali penye mita 2.4 maji yakiwa yamejaa. Itagusa saa mbili na nusu baada ya maji kujaa, miguu itakuwa mikavu kama dakika 55 baadaye, na utapata saa tano na nusu za kufanya kazi chini kabla maji hayajarudi kwenye nyayo. Itaelea saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa tena.

Usifanye hivi bamvua likiwa linaelekea kwenye maji mafu (siku maji yanapojaa na kupwa kidogo) na wewe umegusa maji yakiwa juu kabisa. Kesho yake maji hayatafika hapo, keshokutwa pia hayatafika. Utakaa siku 14 au 15.

Kabla ya kugusa funga vali ya maji ya kupozea injini na ya choo, ng'oa gurudumu la kipima mwendo kwa ndani, na funga usukani katikati. Usukani wa boti nyingi za aina hii ni mfupi kuliko mikuku, lakini kwenye tope laini unaweza kuwa ndio wa kwanza kunaswa. Boti ikikauka injini haiwashwi, haina maji ya kujipoza.

Mkandani | #6

Sheikh MajiMafu, hayo ya saa ya kugusa nakubali yote. Ila tusisahau wazee wa jahazi walishamaliza suala hili kwa magadi, ile miti ya kuegemeza chombo kikipwelewa. Mkuku mmoja mrefu ulionyooka, magadi mawili kila ubavu, chombo kimesimama, watu wanapaka shahamu. Gadi likivunjika unakata mti mwingine. Mkuku wa Centaur ukivunjika mtaniambia mnaukata wapi.

Na mwambao wetu si Essex ya Uingereza. Kule chini ni tope maili kwa maili. Huku unapata mchanga mzuri juu, na sentimita 20 chini ni mwamba. Unyayo wa chuma ukikaa kwenye ncha ya jiwe, nusu ya uzito wa boti iko kwenye sehemu ya kiganja. Ndani ya ghuba ya Tanga, hori za Mtwapa na Kilifi, Chole pale Mafia, huko nakubali. Lakini ufukwe wa wazi upande wa mashariki wa Unguja wakati wa kusi, wimbi linavuka mwamba maji yakijaa na boti itapigwa chini kama nazi.

Mlango wa mto Pangani ndio usiguse kabisa. Lile fungu la mchanga si mahali pa kupwelewa, ni pa kupita maji yakiwa yamejaa au kutopita.

Faida moja nawapa, na ni kubwa: njia kama Mkanda kule Lamu, ambapo vyombo husubiri maji. Mwenye mita 0.91 anaingia mapema kuliko mwenye mita 1.4. Kwa maji yanayopanda mita moja kwa saa katikati ya kujaa, hiyo nusu mita ni kama nusu saa. Na akikosea, anasimama wima anasubiri, halali kwa ubavu huku maji yakimwingilia.

FundiFaiba | #7

Mkandani amegusa penyewe. Mnazungumzia unyayo, mimi nazungumzia shina, pale mkuku unapoungana na bodi.

Mkuku umetanuka kwenda nje. Boti ikisimama juu yake, uzito unataka kuzidi kuitanua miguu. Centaur ya kilo 3,000: kila mkuku unabeba 1,500. Chukua mkuku wenye urefu wa sentimita 60 uliotanuka nyuzi 15. Unyayo uko sentimita 15 hivi nje ya shina. Nguvu ya kukunja shina ni sawa na mtu wa kilo 75 kuning'inia mwishoni mwa mti wa mita tatu. Kila maji yakipwa. Boti inayopwelewa mara mbili kwa siku inafanya hivyo mara 700 kwa mwaka. Mkuku wa pezi unashuka wima na haujui mateso haya, wenyewe una yake siku ukigonga mwamba.

Kwa Centaur za mwanzo faiba ya eneo hili iliachwa nyepesi kuliko ilivyostahili, na wenye kuzijua huzitazama hapo kwanza. Dalili ni hizi. Nyufa nyembamba zinazofuata shina kwa nje, hasa upande wa ndani wa mkuku unaotazamana na mwenzake, ambako watu hawainami kuchungulia. Machozi ya kutu kwenye maungio. Ndani, chini ya mbao za sakafu, rangi iliyopasuka kuzunguka washa za bolti. Milango ya kabati inayofungwa vizuri boti ikielea na kugoma boti ikisimama: hapo tumbo zima linacheza.

Bolti usiihukumu kwa kichwa chake. Fungua moja, itoe nzima. Bolti ya chuma cha pua iliyokaa kwenye gundi yenye unyevunyevu bila hewa huliwa katikati, juu na chini inang'aa lakini kiuno ni cha nyigu. Ukikuta moja ya hivyo, badilisha zote.

Kuimarisha kunafanyika hivi: boti iwekwe kwenye vigogo vya chini ya tumbo, mikuku isibebe kitu. Ukiimarisha boti ikiwa imesimama kwenye mikuku yake, umegandisha mkunjo ndani. Kwangua rangi yote ya ndani hadi faiba yenyewe, sentimita 15 hadi 20 kila upande wa shina. Jenga mataruma (mbavu za ndani) matatu au manne yanayovuka kutoka shina la kushoto hadi la kulia bila kukatika katikati, hilo ndilo wengi wanakosea, wanaimarisha kila upande peke yake na miguu inaendelea kutanuka. Kitambaa cha nyuzi mshazari cha gramu 600, tabaka 6 hadi 8, kila tabaka lipungue milimita 25 kuliko la chini yake. Tumia epoksi, inashika kwenye faiba ya zamani kuliko polyester. Kwa unyevu wa Pwani epoksi hutoa utando wa nta juu. Uoshe kwa maji na sponji ya kusugulia kabla ya tabaka la siku inayofuata, la sivyo tabaka hilo litabanduka kama ganda la muwa. Chini ya kila nati weka bamba la chuma cha pua la milimita 8 hadi 10, upana wa sentimita 8 au zaidi. Washa ndogo ya dukani haisambazi kitu.

Kwa hiyo Mkandani, mkuku haukatwi msituni, lakini hauvunjiki ghafla pia. Unatoa taarifa miaka mingi kabla. Tatizo ni nani anainama kuisoma.

Mkandani | #8

Ganda la muwa nimelikubali 😂 Magadi yangu bado hayahitaji gramu 600.

Joshini | #9

Nilisema kuna kodi. Hii hapa, kwa safari halisi: Tanga kushuka kwenda Dar wakati wa kusi. Upepo puani, na mkondo wa bahari unapanda kaskazini mwaka mzima huku ukiongezeka nguvu msimu huo.

Boti nzuri ya pezi inabisha nyuzi 45 kutoka upepo. Centaur yenye matanga yasiyochoka ipe nyuzi 52, ukijumlisha kusukumwa pembeni. Kusogea maili 10 kuelekea upepo, ya kwanza inakata maji maili 14.1, ya pili 16.2. Maili mbili kwa kila kumi, na hapo bado mwendo wenyewe ni mdogo kwa sababu mikuku miwili ina eneo kubwa zaidi linalosuguana na maji. Kwenye upepo mwanana wa alfajiri ndipo utakapoona, wenzako wanaondoka nawe umebaki unatazama mwani. Upepo ukishika, tofauti ya mwendo inapungua, ya pembe inabaki.

Kwa upepo wa nyuma au wa ubavuni, kama kupanda Dar kwenda Mombasa na kusi, malalamiko karibu hayapo.

Makosa ya nahodha yanaongeza kodi hiyo. Ukiilazimisha kuelekea upepo sana, mwendo unakufa, na bawa lisilo na mwendo halishiki maji, basi unaenda upande kama kaa. Iache ilegee nyuzi tano, ipate mwendo kwanza. Usiibebeshe tanga hadi ilale zaidi ya nyuzi 20, maana hapo mkuku wa demani umeshavuka wima na ule wa joshi unaanza kukaribia uso wa maji. Kunja tanga mapema kuliko unavyokunja kwenye boti ya pezi.

Halafu kuna kelele. Wimbi fupi likiingia kati ya mikuku linapiga tumbo kishindo, kitandani unasikia kama mtu anabisha hodi na nyundo. Haivunji kitu. Wageni hawalali tu.

Bamvua26 | #10

Hapo kwenye nyuzi 52 nimeelewa kwa nini wauzaji wanaishia kwenye "inasimama yenyewe". Je, za kisasa zimepona? Na usafi wa chini unafanywaje, maana kati ya mikuku ni kama uvungu wa kitanda?

Joshini | #11

Zimepona kwa sehemu. RM za La Rochelle, Ufaransa, zinazoundwa kwa plaiwudi na epoksi, zina mikuku miwili myembamba, mirefu, farumi imekusanywa chini. Zinabisha vizuri mno kuliko Centaur, lakini ndiyo hivyo, zinazama zaidi. Kina kidogo na kubisha vizuri havikai nyumba moja, labda uweke mkuku wa kupandisha, na huo una boksi lake la kuziba kokoto na waya wa kukatika.

MajiMafu | #12

Usafi: zile saa tano na nusu zinatosha kukwangua, kubadilisha zinki (vipande vya kuliwa na kutu badala ya chuma cha boti), kuangalia propela na kupaka mkono mmoja wa rangi ya chini. Anza kati ya mikuku maji yakiwa bado kwenye magoti, kwa brashi ya mpini mrefu, takataka zingali laini. Zikikauka na jua ni simenti. Soma kopo la rangi, limeandikwa muda wa chini kabla ya kuingia majini. Kama ni zaidi ya muda ulionao, usipake siku hiyo.

Usidanganyike kufanya kazi ya kutu kwenye mikuku ya chuma ndani ya muda huo. Kukwangua hadi chuma cheupe, kisha praima ya epoksi mikono mitano, haiishi kabla maji hayajarudi. Kazi hiyo ni ya nchi kavu, na kwa hewa yetu kutu hurudi ndani ya saa: mmoja anashika grainda, mwenzake anamfuata na brashi.

Bamvua26 | #13

Na nyayo zenyewe? Boti imezikalia muda wote.

FundiFaiba | #14

Nyayo hazipakwi kwa maji kupwa, ni siku ya kreni tu. Siku hiyo hiyo ndiyo ya kukagua, usiache ipite. Boti ikining'inia kwenye mikanda, kabla hujashika brashi, watu wawili washike unyayo wa mkuku mmoja wasukume ndani na nje, wa tatu awe ndani ya boti na tochi, mkono juu ya nati. Akihisi nati inasogea au faiba inapumua, simamisha kazi. Kisha chukua kipande cha karatasi ngumu ukipitishe kwenye maungio ya mkuku na bodi kuzunguka pande zote. Boti ikiwa imesimama, uzito unaziba pengo, ikining'inia linafunguka. Karatasi ikiingia, kama ni boti unayotaka kununua, muuzaji ashushe mkuku huo kwanza kwa gharama yake ndipo mzungumze bei.

Isipoingia, paka nyayo epoksi mikono yote mitano, na iache ikauke kabisa kabla ya kuikalisha. Chini ya kila unyayo tandika mbao laini, si tofali.